Leseni mfukoni haitoshi: Gharama ya kuendesha gari nchi ya jirani

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA mmoja wa vipuri vya magari mjini Arusha alivuka mpaka wa Namanga akiwa na Shilingi 450,000 za Kenya, tayari kununua mali katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Siku 16 baadaye alirudi nyumbani na mali ya Shilingi 200,000. Zile 250,000 nyingine hazikuibwa, wala hakutapeliwa. Zilipotea kwa sababu ya karatasi moja iliyokwisha muda wake siku moja tu kabla ya ajali.

Mfanyabiashara huyo, ambaye ameomba jina lake lisitajwe, alikuwa na leseni halali ya udereva. Gari, aina ya Noah, lilikuwa la shemeji yake, na alikuwa na barua ya shemeji inayomruhusu kulitumia. Kibali cha kuliingiza Kenya kwa muda alikipata mpakani bila tabu. Alichokosa ni bima. Kadi ya Njano ya COMESA aliyoikata kwa safari ya awali ilikuwa imebakiza siku tano, naye alikusudia kukaa Nairobi siku tatu. Akaona hakuna sababu ya kulipia nyingine.

Mali aliyoifuata ilikuwa kwenye kontena lililochelewa kutoka Mombasa. Siku tatu zikawa sita. Siku ya sita, eneo la Kitengela, aligongana na mwendesha boda boda. Kijana akavunjika mguu.

Yaliyofuata aliyaandika katika daftari lake la mauzo, maana ni mtu wa hesabu. Matibabu ya majeruhi, 120,000. Mapatano ya fidia kwa ajili ya pikipiki na siku ambazo kijana hatafanya kazi, 85,000. Kuvutwa kwa gari na maegesho, 18,000. Malazi na chakula kwa siku tisa za kusubiri gari likaguliwe na shauri lake limalizike, 27,000. Jumla, Shilingi 250,000 za Kenya.

Kwa kawaida mfanyabiashara huyo hupata faida ghafi ya asilimia 20. Mtaji wa 450,000 ungemwingizia 90,000. Hii ina maana kuwa ajali moja bila bima ilikula faida ya karibu safari tatu nzima, na hapo bado hatujahesabu wateja waliokwenda kununua kwa jirani wakati duka lake halina mali.

Ukurasa huu umezoea kuzungumzia bei za bidhaa na mwenendo wa soko. Wiki hii tunazungumzia gharama ambayo haionekani kwenye bei lakini imo ndani yake: gharama ya mgeni kuendesha gari kihalali katika nchi isiyo yake. Wafanyabiashara wengi wadogo wanaovuka mipaka yetu kwa magari yao wanadhani jambo hili linaishia kwenye leseni. Haliishii hapo.

KARATASI TATU, KAZI TATU

Njia rahisi ya kulielewa suala hili ni kukumbuka kuwa barabarani ugenini kuna mambo matatu yanayotazamwa, na kila moja lina karatasi yake. Leseni inamhusu dereva. Kibali cha forodha kinalihusu gari. Bima inamhusu yule utakayemgonga. Karatasi moja haifanyi kazi ya nyingine, na ofisa anayeangalia moja huenda asijali kabisa kama unazo zile mbili.

Ndiyo maana mtu anaweza kupita mpakani salama, akasimamishwa na trafiki mara nne njiani na kuruhusiwa, halafu akaja kuumia siku ya tano kwa kukosa kitu ambacho hakuna aliyekiulizia. Kupita kizuizi si ushahidi kuwa umekamilika. Ni ushahidi tu kuwa aliyekusimamisha ameridhika na kile alichokitazama.

LESENI: HAPA AFRIKA MASHARIKI KUNA NAFUU

Kwa upande wa dereva, mfanyabiashara wa ukanda huu ana bahati. Wazee watakumbuka kuwa baada ya Jumuiya ya kwanza kuvunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa kabisa na haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Wakati huo swali halikuwa leseni gani uwe nayo. Hakukuwa na safari.

Mambo yalibadilika. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya sasa ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na mwaka 2001 Kenya, Tanzania na Uganda zikakubaliana kuhusu usafiri wa barabarani, ikiwa ni pamoja na kutambua leseni za udereva za kila mmoja. Kwa hiyo Mtanzania anayekwenda Nairobi au Kampala kwa ziara fupi ya biashara huendesha kwa leseni yake ya nyumbani, mradi iwe hai na iwe ya daraja la gari analoendesha.

Hilo la daraja ndilo linalowaponza wengi. Leseni ya gari dogo haigeuki kuwa ya basi au ya lori kwa sababu umevuka mpaka. Mtu akimwazima rafiki yake gari la abiria na kuliendesha ugenini kwa leseni ya gari dogo, machoni pa sheria hana leseni. Na kampuni ya bima, ikigundua hivyo, ina sababu ya kukataa kulipa.

Aidha, unafuu huu ni wa mgeni. Aliyehamia, akapanga nyumba na kufungua duka, si mgeni tena. Anapaswa kufuata taratibu za mkazi, ikiwa ni pamoja na kubadilisha leseni.

GARI LINA PASIPOTI YAKE

Karatasi ya pili ni ya gari lenyewe. Gari lenye namba za nchi nyingine likivuka mpaka, mbele ya forodha ni bidhaa iliyoingia nchini bila kulipiwa ushuru. Linaruhusiwa kwa sharti moja kubwa: litoke. Kibali cha muda kinachotolewa mpakani kinaeleza gari gani limeingia, limeletwa na nani, na linapaswa kutoka lini.

Tarehe hiyo si pambo. Kwa sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, mali iliyoingizwa kwa muda isipotolewa katika muda uliowekwa hudaiwa ushuru, na inaweza kutaifishwa. Ukiona siku zinakaribia kwisha na kazi haijakwisha, nenda ofisi ya forodha ukaombe nyongeza kabla ya tarehe, si baada. Mfanyabiashara wetu wa Arusha alilazimika kuomba nyongeza wakati gari likiwa bado uani kituo cha polisi. Alifanikiwa kwa sababu aliwahi.

Gari lililoingia kwa kibali cha muda haliuzwi, halikodishwi, wala haliachwi kwa ndugu mkazi wa nchi ile alitumie huku mwenyewe ukirudi kwa basi. Kama ni gari binafsi, haligeuzwi kuwa la biashara ya usafirishaji. Kwa Tanzania rangi ya kibao cha namba inajisema yenyewe: njano ni gari binafsi, nyeupe ni gari la biashara. Kubeba vipuri vyako mwenyewe ulivyovilipia na kuvitolea tamko forodhani ni jambo moja. Kubeba mizigo ya wenzako watano wa Kariakoo waliokuchangia mafuta na "kidogo cha juu" ni usafirishaji wa malipo, na una leseni zake.

Hati za umiliki nazo zina mambo yake. Kama kadi ya gari ina jina lako, beba kadi halisi. Kama gari si lako, beba barua ya mwenye gari inayotaja jina lako, namba ya gari, nchi unazokwenda na muda. Barua iliyogongwa muhuri wa wakili ina uzito zaidi kuliko karatasi iliyoandikwa usiku wa kuamkia safari. Na kama gari limenunuliwa kwa mkopo na jina la benki limo kwenye kadi, tafuta kwanza idhini ya benki. Hili linawahusu hasa wawekezaji wadogo ambao wamenunua gari na kumkabidhi mtu mwingine alifanyie kazi. Gari likitaifishwa ugenini, mkopo haufi. Unabaki pale pale.

Nyuma ya gari kuna alama ambayo madereva wengi wameisahau: ile ya duara la yai yenye herufi EAT kwa gari la Tanzania Bara, EAZ kwa la Zanzibar, EAK kwa la Kenya na EAU kwa la Uganda. Ni alama ya kimataifa ya kutambulisha gari limetoka wapi. Gharama yake ni ndogo, lakini inampunguzia trafiki sababu moja ya kukuzungusha.

BIMA NDIYO INAYOFILISI

Tumefika kwenye karatasi iliyomgharimu mfanyabiashara wetu.

Bima ya kawaida ya gari inayokatwa Tanzania inakulinda ndani ya Tanzania. Ukivuka, unahitaji Kadi ya Njano. Mpango huu ulikubaliwa mwaka 1986 na nchi za Eneo la Biashara Nafuu, ambalo baadaye lilikuja kuwa COMESA, na ukaanza kazi mwaka 1987. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, na mpaka leo wapo wanaodhani kuwa kwa sababu hiyo kadi haituhusu. Si kweli. Tanzania ilibaki katika mpango wa Kadi ya Njano, pamoja na Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia, Malawi, Zimbabwe na nchi nyingine za kaskazini kama Ethiopia.

Kadi hii hukatwa nyumbani, kwa kampuni ya bima iliyokukatia bima yako ya kawaida, kwa sababu inategemea bima hiyo. Ikifa bima ya nyumbani, kadi nayo haina miguu. Ndani yake huandikwa nchi unazokwenda na tarehe za kuanza na kwisha. Msomaji azingatie hapo: nchi ambayo haikuandikwa hujaikatia. Mtu aliyekata kwa ajili ya Kenya peke yake, halafu akiwa Nairobi akasikia mali ni rahisi Kampala, asipite Busia kabla hajaongezewa Uganda.

Inalipia nini? Inalipia madai ya mtu wa tatu kwa kiwango kinachotakiwa na sheria za nchi uliyomo, pamoja na matibabu ya dharura ya dereva na abiria wake. Kijana wa boda boda wa Kitengela angelipwa kwa kadi hii.

Hailipii nini? Hailipii gari lako, wala mali uliyobeba. Hapa ndipo wenye bima kubwa wanapojidanganya. Mtu anaona amelipia bima kubwa, anadhani imemfuata mpaka Lusaka. Soma mkataba wako uone eneo linalohusika. Kama limeandikwa Tanzania peke yake, omba nyongeza ya maandishi kabla ya kuondoka, na ulipie. Kwa mwenye gari la mkopo, tofauti ya gharama hiyo ni ndogo ukilinganisha na kuendelea kulipa marejesho ya gari lililo vyuma chakavu.

Wanaokwenda mbali zaidi kusini wajue kuwa kadi ina mwisho wake. Afrika Kusini haimo. Huko fidia za majeruhi wa ajali za barabarani hutoka katika mfuko maalumu unaochangiwa kwa tozo ya mafuta, lakini mfuko huo haulipii gari la mtu ulilolibonda.

MIPAKA HAIFANANI

Safari ya Kenya ndiyo nyepesi kwa dereva wa Tanzania. Kituo cha pamoja cha Namanga kilichozinduliwa rasmi Desemba 2018 kimepunguza kusimama mara mbili: unashughulikia kutoka na kuingia katika jengo moja. Mutukula, kwenye mpaka na Uganda, na Holili, kwenye mpaka na Kenya, kuna utaratibu kama huo. Tahadhari iliyobaki ni vishoka, wale wanaokupokea hata kabla hujazima injini. Ukihitaji msaada, tumia wakala wa forodha mwenye ofisi na kitambulisho. Na usilipe chochote kisicho na stakabadhi. Stakabadhi ndiyo itakayoingia kwenye hesabu zako, na ndiyo utakayomwonyesha ofisa wa zamu nyingine akikuuliza ulilipa wapi.

Rusumo ni jambo jingine. Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia na Malawi huendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Ukivuka daraja la Mto Kagera unahama upande wa barabara, lakini usukani wako unabaki pale ulipokuwa. Ugumu hauji pale darajani, kwa kuwa pale kila mtu yuko macho. Unakuja asubuhi ya pili unapotoka nyumba ya wageni peke yako, barabara nyeupe, na mazoea yanakupeleka kushoto. Unakuja pia unapotaka kulipita lori: umekaa upande wa ukingo wa barabara, huoni kinachokuja mbele. Kaa nyuma, acha nafasi, na kama una mwenzako kiti cha kushoto awe macho yako. Rwanda ina kamera za mwendo njiani, na kamera haina lugha ya kubembelezwa.

Tunduma nako, gari la kigeni linaloingia Zambia hukutana na malipo zaidi ya moja: ya barabara, ya hewa chafu kulingana na ukubwa wa injini, na ya halmashauri ya Nakonde. Viwango hubadilika, kwa hiyo ulizia wiki ya safari, si mwaka uliopita. Beba pembetatu mbili za tahadhari na uhakikishe gari lina viakisi mwanga, vyeupe mbele na vyekundu nyuma.

Wenye malori tumewaacha kando kwa makusudi. Malori yana utaratibu wake wa vibali vya usafirishaji, tozo za barabara na mizani, ambapo uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa kwa lori na mzigo wake katika Jumuiya ni tani 56.

NA WANAOFUATA MALI NG'AMBO

Wapo wasomaji wetu ambao safari zao zinakwenda Dubai, Sharjah au Japani kutafuta magari na vipuri. Huko leseni ya nyumbani peke yake haitoshi, na ndipo inapokuja ile inayoitwa leseni ya kimataifa.

Jina lenyewe linapotosha. Kitabu hiki hakikupi haki mpya ya kuendesha. Ni tafsiri rasmi ya leseni uliyonayo, na bila leseni yenyewe hakina maana. Hutolewa katika nchi iliyokupa leseni, na kwa kawaida kazi hiyo hufanywa na vyama vya wenye magari kama AA. Yeyote anayekuuzia "leseni ya kimataifa" ya miaka kumi kwa njia ya mtandao anakuuzia kadi ya plastiki.

Isitoshe, leseni hizi si za aina moja. Ipo ya Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949, inayodumu mwaka mmoja, na ipo ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968. Japani inatambua ile ya 1949 tu. Uganda na Rwanda zimo katika mkataba huo, Tanzania na Kenya hazimo. Kenya ilijiunga na ule wa 1968 mwaka 2009, lakini hilo halimsaidii Mkenya mjini Yokohama. Kwa hiyo mfanyabiashara wa magari kutoka Dar es Salaam au Nairobi anayekwenda minadani Japani apange bajeti ya treni, teksi au wakala mwenye gari. Akishika usukani anaendesha bila leseni, na Wajapani hawalichukulii jambo hilo kwa mzaha.

Falme za Kiarabu nazo huendesha kulia. Mgeni kutoka kwetu mwenye viza ya matembezi anatakiwa awe na leseni ya kimataifa pamoja na ya nyumbani ndipo akodi gari. Siku atakapopata kibali cha ukazi, ruhusa hiyo inakoma, naye atatakiwa kupata leseni ya kule. Wapo wanaofungua ofisi Deira, wakapata ukazi, na kuendelea kuendesha kwa karatasi za ugeni. Wakipata ajali, bima ya gari la kukodi inaweza kuwakana.

Uingereza ni nyepesi zaidi: mgeni huruhusiwa kuendesha gari dogo kwa leseni yake ya nyumbani kwa muda wa miezi 12. Lakini bima ni lazima, na kampuni za kukodisha magari zina masharti yake.

JE, INALIPA?

Hilo ndilo swali la biashara, na ndilo ambalo wengi hawajiulizi. Wanachukua gari kwa sababu lipo.

Tuchukue mfano wa kufikirika, ili kila msomaji aweke namba zake. Tuseme una mtaji wa Shilingi 5,000,000 za Tanzania na faida ghafi ni asilimia 20, yaani 1,000,000. Ukienda na gari lako, mafuta, malazi na chakula ni 350,000; kadi ya bima, vibali na barua ya wakili ni 150,000. Jumla ni 500,000, nawe unabaki na 500,000. Ukienda kwa basi, nauli na matumizi ni 100,000, na kusafirisha mzigo ni asilimia sita ya thamani yake, yaani 300,000. Jumla ni 400,000, nawe unabaki na 600,000. Kwa mtaji huo, basi limekushinda kwa laki moja.

Sasa mtaji uwe 10,000,000. Faida ghafi ni 2,000,000. Gharama za gari ni zile zile 500,000, unabaki na 1,500,000. Kwa basi, nauli ni 100,000 na mzigo 600,000, unabaki na 1,300,000. Hapa gari limeshinda kwa laki mbili. Katika mfano huu, mstari unaogawa unapita kwenye mtaji wa takriban Shilingi milioni 6.7. Chini ya hapo gari lako ni starehe, juu ya hapo ni kitendea kazi.

Angalia kuwa ile 150,000 ya hati imo ndani ya hesabu zote mbili za gari. Wapo wanaoitoa ili gari lionekane nafuu. Kufanya hivyo hakupunguzi gharama hata senti moja. Ni kukopa kwa siri kutoka kwa ajali ambayo haijatokea, na riba yake mmeiona hapo juu.

KABLA YA KUWASHA GARI

Kwa muhtasari, msomaji anayesafiri wiki hii ahakikishe yafuatayo:

Leseni iko hai mpaka baada ya tarehe ya kurudi, na ni ya daraja la gari analoendesha.

Kadi halisi ya gari ipo, na kama gari ni la mwingine, ipo barua ya mwenye gari, pamoja na idhini ya benki kama kuna mkopo.

Bima ya nyumbani na Kadi ya Njano zote ziko hai, nchi zote za safari zimeandikwa, na siku zilizokatwa zinazidi siku za safari. Zidisha mara mbili kama mali unayoifuata bado iko njiani.

Kibali cha forodha kimesomwa pale pale dirishani, namba ya gari na tarehe ya kutoka zikiwa sahihi. Kosa likigunduliwa mpakani husahihishwa kwa kalamu. Likigunduliwa Nairobi husahihishwa kwa safari ya kurudi.

Pembetatu, mtungi wa kuzimia moto na alama ya nchi vimo garini.

Nakala za kila hati ziko mahali tofauti na hati zenyewe, na nyumbani kuna mtu mwenye nakala nyingine.

Mfanyabiashara wetu wa Arusha anaendelea na biashara yake, ingawa ilimchukua miezi kurudisha mtaji ulipokuwa. Mwandishi wa makala haya alimtembelea dukani akamkuta akipanga safari nyingine ya Nairobi. Juu ya meza kulikuwa na Kadi ya Njano mpya. Safari ilikuwa ya siku nne, na kadi alikata ya miezi mitatu. Gharama yake ilikuwa tayari imeandikwa kwenye daftari, mstari wa kwanza, juu ya mafuta.